Mahojiano ya Kazi Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Mikosi na Kuivuka Inapotokea

Ujumbe ulioniita kwenye mahojiano yangu ya pili maishani ulikuwa mfupi: "Njoo kesho saa 10, ghorofa ya tatu." Niliusoma kama Mswahili asomavyo saa, nikapiga shati pasi bila haraka, nikala chakula cha mchana, na kufika katika jengo hilo la Upper Hill saa tisa na nusu alasiri huku nikijisifu kwa kuwahi. Karani wa mapokezi alinigeuzia daftari lake nijionee mwenyewe. Jina langu lilikuwa la nne kwenye orodha, na lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Aliyeandika ujumbe alimaanisha saa nne asubuhi, na jopo lilikuwa limekwisha kufunga mafaili na kwenda zake.

Nimehojiwa mara nyingi baada ya siku hiyo, na miaka ya karibuni nimekuwa nikiketi upande wa wanaohoji. Nilichokiona huku na kule ni kwamba maswali huwaangusha watu wachache kuliko inavyodhaniwa. Wengi huangukia kwenye simu ya mwaliko, langoni, ndani ya matatu, kwenye bahasha ya vyeti, au katika wiki za kimya zinazofuata mahojiano. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unagusa maswali kidogo tu na kukaa zaidi kwenye mambo yanayoyazunguka.

Hatua ya kwanza: Pokea mwaliko kwa kalamu mkononi

Simu ya mwaliko haichagui wakati. Inaweza kukupata ndani ya matatu ya Rongai, muziki umefunguliwa hadi vioo vinatetemeka, na wewe umebanwa kiti cha nyuma. Usisikilize kwa kubahatisha. Sema, "Samahani, niko mahali penye kelele, naomba nikupigie baada ya dakika kumi." Sijawahi kuona mwombaji akinyimwa nafasi kwa sentensi hiyo, lakini nimeona waliofika kwenye jengo lisilo lao kwa kujifanya wamesikia.

Unapopiga, andika jina kamili la kampuni, nafasi yenyewe (mtu aliyetuma maombi thelathini husahau, na si aibu kuuliza), jengo na ghorofa, siku na tarehe, idadi ya watakaokuhoji, na kama kuna mtihani wa kuandika. Kuhusu saa, usikubali tarakimu tupu. Nairobi tunaongea Kiswahili na kuandika saa kwa Kiingereza katika ujumbe mmoja, hivyo "saa 10" inaweza kuwa asubuhi au jioni kutegemea aliyeshika simu. Mimi sasa hujibu hivi: "Asante. Nathibitisha kwamba nitafika Jumanne saa nne asubuhi, yaani 10:00 AM." Wakikosea wao, watakusahihisha hapo hapo, na jibu lao litabaki kwenye simu yako kama ushahidi.

Jambo dogo la kando: kama umeweka wimbo wa Skiza, yaani wa kumchezea anayekupigia, sikiliza anasikia nini. Niliwahi kumpigia mwombaji mmoja wa kazi ya uhasibu nikapokewa na wimbo ambao siwezi kuutaja hapa. Tulimwita hata hivyo, ila wenzangu walicheka wiki nzima.

Hatua ya pili: Hakikisha kazi yenyewe ipo

Wanaopiga lami, yaani wanaozunguka kutafuta kazi, katika mji huu wanajua ghorofa za juu za majengo ya katikati ya jiji ambako unaitwa kwa "mahojiano" na kukuta watu hamsini wamekaa kwenye viti vya plastiki, mbele yao kijana mwenye tai akieleza jinsi ya kuuza virutubisho na kuandikisha marafiki. Hiyo si kazi ya mshahara, na ukishaitambua una ruhusa ya kuinuka na kutoka bila kuomba msamaha.

Wabaya zaidi ni wanaotaka pesa. Watasema ni ada ya usajili, ya uchunguzi wa daktari, ya sare au ya mafunzo, na watataka itumwe kwa M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi kabla ya saa fulani, kwa sababu eti nafasi zinaisha. Mwajiri wa kweli hakuuzii kazi. Tume ya Utumishi wa Umma haitozi chochote kwa maombi wala kwa mahojiano, kwa hiyo anayedai kuwa na mtu wake ndani ya tume hiyo anakudanganya moja kwa moja. Ujumbe wa utapeli unaoingia kwenye laini ya Safaricom unaweza kuusambaza kwa namba 333 bila gharama.

Namna ya kuchunguza si ngumu. Tafuta kampuni kwa jina lake, kisha piga namba ya ofisi uliyoipata mwenyewe, wala si ile iliyokupigia, na uulize kama wanahoji watu wiki hiyo. Ukiwa na shaka kubwa, omba taarifa za usajili wa kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa malipo, ili uone wakurugenzi wake ni akina nani. Kazi ikiwa ya ng'ambo, wakala anayekupeleka sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mwombe namba ya usajili na uithibitishe kwa mamlaka yenyewe kabla ya kumkabidhi pasipoti.

Hatua ya tatu: Panga hati, na anza na majina

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana nimewaona watu wazuri wakikwama hapa. Toa kitambulisho chako, cheti cha sekondari, cheti cha chuo na kadi ya KRA (mamlaka ya ushuru), uviweke mezani, kisha usome jina lako katika kila kimoja, herufi kwa herufi. Wakenya wengi wana jina la ubatizo kwenye cheti cha shule na hawanalo kwenye kitambulisho, au jina la baba limeandikwa kwa "y" mahali pamoja na kwa "i" mahali pengine, au mwanamke aliolewa akachukua jina la mume baada ya kuhitimu. Jopo likiona tofauti hiyo kwa mara ya kwanza mbele yako, dakika kumi za mahojiano zitaishia kwenye maelezo ya ukoo.

Tofauti ya tahajia au ya mpangilio wa majina kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo, inayoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ukaiapa mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo. Ikiwa umebadilisha jina kabisa, hati ya kiapo haitoshi. Utahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Jambo hilo huchukua muda, hivyo lianze leo, hata kama hujaitwa popote.

Kuna kisha zile hati ambazo watu huziita kwa jumla "hati za sura ya sita", kwa kuwa sura hiyo ya Katiba ya 2010 ndiyo inayohusu uongozi na maadili: cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi wa DCI, kibali cha ushuru cha KRA, kibali cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), fomu ya tume ya maadili EACC, na ripoti ya historia ya mikopo. Kijana asiye na kipato hulipia baadhi ya hati hizi, akaona zinapitwa na wakati kabla hajaajiriwa, akalipa tena. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yalilenga kupunguza mzigo huu, kwa kumruhusu mwajiri kudai vyeti hivyo pale tu anapokusudia kuingia nawe katika mkataba wa maandishi. Hata hivyo matangazo mengi ya kazi za umma bado huzitaka siku ya mahojiano, kwa hiyo soma tangazo lako kwa makini. Ukizihitaji, anza na cheti cha tabia njema: unaomba kupitia eCitizen, unachapisha fomu, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole katika makao makuu ya DCI kwenye barabara ya Kiambu au katika Huduma Centre. Kukisubiri ndiko kunakochelewesha watu.

Usimwachie mtu yeyote cheti halisi. Onyesha kikaguliwe, acha nakala, na uondoke nacho.

Hatua ya nne: Fika mapema, lakini usiingie mapema

Kama mahali ni pageni kwako, fanya safari ya majaribio siku moja kabla, saa ile ile. Barabara ya Mombasa saa moja asubuhi si ile ya saa nne, na Waiyaki Way mvua ikinyesha ni nchi nyingine. Katika mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, weka akiba ya muda na ya nauli, kwa sababu kondakta huipandisha nauli tone la kwanza likianguka. Expressway, barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, huokoa muda kwa mwenye gari na pesa ya kulipia. Abiria wa matatu asiitegemee, maana magari mengi bado hupita chini.

Lenga kufika jirani na jengo saa moja kabla. Kaa kwenye kibanda cha chai au kwenye ngazi za jengo jirani, kunywa maji, pitia karatasi zako. Langoni nenda dakika ishirini kabla, kwa kuwa lango la Nairobi lina shughuli zake: askari atakagua mkoba, ataandika namba yako kwenye daftari, na majengo mengi hushikilia kitambulisho chako na kukupa kadi ya mgeni. Asiye na kitambulisho hapiti. Niliwahi kusimama nje ya lango nikimwonyesha askari picha ya kitambulisho kwenye simu, akaniambia kwa upole, "Mkubwa, hiyo ni picha." Tangu hapo kitambulisho changu hakitoki kwenye pochi. Kama kilipotea, beba pasipoti, au nakala ya ripoti ya polisi pamoja na karatasi ya kusubiria kitambulisho kipya, na umpigie mwajiri mapema ili awaarifu walinzi.

Kuhusu mavazi sina mengi. Safi, yaliyopigwa pasi, yanayokutosha unapokaa na si unaposimama tu. Suti nzuri hupatikana katika masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi kwa bei ya kueleweka, mradi umpe fundi siku mbili za kuirekebisha. Viatu ndivyo vya kutiliwa shaka. Asubuhi moja nikivuka kuelekea Kencom, soli ya kiatu changu cha kulia ilifunua mdomo hadi katikati. Fundi mmoja mzee aliyekaa ukingoni mwa barabara alinitazama toka juu hadi chini, akanipa ndala na kipande cha gazeti la kukanyagia.

"Mahojiano?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Saa tatu."

"Basi gundi peke yake haitatosha. Itakuaibisha kwenye ngazi." Akachukua msumari wa kutobolea na uzi mweusi, akashona pande zote mbili kwa muda wa dakika saba hivi, na akanirudishia kiatu kikiwa kimepakwa rangi juu ya mshono. Kazi ile sikuipata, ila kiatu kilidumu miaka miwili zaidi. Jaribu viatu vyako siku mbili kabla kwa kutembea navyo.

Hatua ya tano: Kungoja bila kujiharibia

Uliitwa saa tatu na sasa ni saa sita kasorobo. Ni jambo la kawaida, na linaudhi. Baada ya nusu saa ya kwanza, muulize karani kwa heshima, mara moja tu: "Dada, samahani, jopo limeshaanza? Ningependa kujua nangojea hadi saa ngapi." Usigombane naye, si yeye aliyechelewa, na katika ofisi nyingi mwenyekiti wa jopo humuuliza baadaye nani alikuwa na adabu. Mimi mwenyewe huuliza.

Ukiwa umetoroka kazi nyingine kwa saa mbili, sema ukweli huo mapema na uombe kuingia mbele au kupangiwa siku nyingine. Saa tatu zikipita bila neno wala radhi, una haki ya kuondoka, ukiacha ujumbe wa maandishi kwamba ulifika saa fulani na ukangoja hadi saa fulani. Kwa maoni yangu, kampuni inayokuacha kwenye benchi asubuhi nzima inakuonyesha jinsi itakavyolipa mishahara.

Hatua ya sita: Ndani ya chumba

Akili ikikauka katikati ya jibu, usijaze pengo kwa maneno. Sema, "Naomba nifikirie kidogo," unywe maji, kisha urudie swali kwa sauti yako. Ukigundua umejibu swali lisiloulizwa, simama na uanze upya. Jopo huvumilia makosa yanayorekebishwa.

Maswali yasiyofaa ni jambo jingine. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi hata kwa mtu ambaye bado hajaajiriwa, kwa misingi kama kabila, jinsia, dini, lugha, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya ukimwi. Bado utaulizwa, "Kwani nyumbani ni wapi?" huku wakisoma jina lako la mwisho, au, kama wewe ni mwanamke, "Unapanga kupata watoto lini?" Jibu kwa kurejea kazi: "Ninaishi Umoja, na kufika hapa saa mbili asubuhi si tatizo." Au: "Hakuna jambo la kifamilia litakalonizuia kutimiza majukumu mliyoyaeleza." Wakisisitiza, andika swali, tarehe na waliokuwapo mara tu unapotoka. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia ukiamua kwenda kwa afisa wa leba au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Swali la mshahara huwaponza wengi kwa sababu moja: mwombaji anataja pesa anazotaka kupokea mkononi, na jopo linaandika mshahara ghafi. Ukitaja 60,000 kama ghafi, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 itachukua 1,650, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 itachukua 900, na hapo hatujagusa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wala kodi ya mapato. Fanya hesabu yako nyumbani, kisha useme waziwazi, "Natarajia mshahara ghafi wa kati ya kiasi hiki na hiki, kabla ya makato."

Ukipewa zoezi la kufanya nyumbani, pima ukubwa wake. Ukurasa mmoja au miwili wa kuonyesha namna unavyofikiri ni haki yao kuuomba. Mpango mzima wa mauzo wa mwaka, wenye bajeti na majina ya wateja, ni kazi ya kulipwa. Wape muhtasari, uwaambie kwamba undani utaueleza mkikutana, na uweke jina lako na tarehe kwenye kila ukurasa.

Hatua ya saba: Mahojiano ya mtandaoni

Stima itapotea. Ichukulie hivyo tangu mwanzo. Nunua tokeni jana yake, chaji simu na kompyuta hadi zijae, na uwe na bando kwenye simu hata kama nyumba ina intaneti, ili uweze kuhamia simu kwa sekunde chache. Ingia dakika kumi kabla ukajaribu sauti. Waombe majirani watulie, na kama kuna fundi anayekata mabati kwenye ploti ya pembeni, nenda ukazungumze naye ana kwa ana; wengi huona fahari kukusaidia. Omba mapema namba ya simu ya mwandalizi, ili ukikatika umtumie ujumbe mmoja: "Stima imepotea, narudi kwa simu sasa hivi."

Mwajiri akiwa nje ya nchi, kumbuka kwamba Kenya haibadilishi saa, ilhali wao wanabadilisha. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, na mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mahojiano yaliyopangwa kabla ya Jumapili hiyo na kufanywa baada yake ndiyo hukosewa.

Hatua ya nane: Kimya kinachofuata

Kabla ya kutoka chumbani uliza, "Tutarajie kusikia lini?" Siku hiyo ikipita, subiri siku mbili za kazi, kisha andika: "Nilihojiwa kwa nafasi ya karani wa stoo tarehe 12. Bado ninaihitaji kazi hii, na ningeshukuru kujua mmefikia wapi." Baada ya wiki mbili andika tena mara moja tu, kisha uache. Wakati huo wote endelea kutuma maombi kwingine. Nimekaa kwenye vikao ambavyo nafasi ilifutwa kwa kukosa bajeti na hakuna aliyekumbuka kuwaarifu waliokuja. Kimya kile hakikuhusu majibu ya mtu yeyote.

Taasisi ya umma ni tofauti, kwa kuwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa njia. Andika barua ukiomba kujua matokeo yako na alama ulizopewa. Taasisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21, na ikikaa kimya unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na simu ya heri ikija, usikimbilie kumwaga kazi uliyo nayo. Nimemwona mtu akiacha kazi Ijumaa kwa ahadi ya mdomo, na Jumatatu akaambiwa mkurugenzi amebadilisha mawazo. Omba barua. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi, kwa mujibu wa sheria, unapaswa kuwa wa maandishi, na ndani yake utafute mstari wa kipindi cha majaribio: hakipaswi kuzidi miezi sita, wala hakiwezi kuongezwa bila wewe kukubali. Muda huo ukiendelea, kila upande unaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Soma mstari huo kwanza, kisha ndipo uandike barua ya kujiuzulu unakotoka.